Watoto 300 waliogeuka 87

Shajara ya mradi wa uji, shule za msingi, wilaya ya Mvomero, Morogoro

12 Januari

Nimekabidhiwa andiko la mradi leo asubuhi, niweke sahihi upande wa takwimu kabla halijaenda kamati ya maadili. Swali ni zuri na halina makuu. Watoto wanaokunywa uji wa unga ulioongezwa chuma na asidi ya foliki, je, baada ya mwaka damu yao inapanda kuliko ya wenzao wanaokunywa uji wa unga wa kawaida? Shule zinagawanywa kwa bahati nasibu. Nusu zinaletewa unga wenye virutubishi, nusu zinaendelea na wa kawaida na zitapewa ule mwingine utafiti ukiisha. Kugawa mtoto mmoja mmoja haiwezekani: jiko ni moja, sufuria ni moja, na mpishi hana muda wa kuuliza nani yuko kundi gani.

Ukurasa wa 9 kuna mistari minne kuhusu ukubwa wa sampuli. Mchepuko sanifu wa hemoglobini, yaani watoto wanavyotofautiana kwa kipimo hicho cha damu, gramu 1.2 kwa desilita. Tofauti tunayotaka kuiona 0.4. Kiwango cha kosa, yaani nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwepo, asilimia 5; nguvu, yaani nafasi ya kuiona tofauti iliyopo, asilimia 80. Kwa hiyo watoto 142 kila upande, wakakuzwa hadi 150. Shule tatu huku, tatu kule, watoto 50 kila shule. Jumla 300.

Hiyo 142 nimeirudia kwa mkono nyuma ya bahasha: 2 × 7.85 × 1.44 ÷ 0.16. Inatoka 141.3. Aliyeikokotoa hakukosea. Ila ni hesabu ya utafiti mwingine, ule ambao watoto 300 wameokotwa mmoja mmoja wilaya nzima na hakuna wawili wanaokunywa maji ya kisima kimoja.

Sikuweka sahihi.

13 Januari

Nimeandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa ajili ya Dokta, mtafiti wetu mkuu. Yeye ni daktari wa watoto, si mtu wa hesabu, na hapendi barua ndefu.

Watoto wa shule moja wanafanana kuliko watoto wa shule mbili tofauti. Wanaumwa na mbu wa bonde lilelile, wazazi wao wanavuna msimu mmoja, minyoo ni ya udongo mmoja. Kwa hiyo ukishampima mtoto wa kwanza, wa pili anakuletea habari ambayo nusu yake, au robo, ulishaisikia. Ukiwauliza watu kumi waliosikiliza redio moja, hujapata habari kumi.

Kipimo cha kufanana huko ni uwiano wa ndani ya klasta (kundi, kwetu ni shule), tunaoupa herufi ro, ρ. Ikiwa sifuri, kila mtoto anasimama peke yake. Ikiwa 1, shule nzima inasema kitu kimoja na ungetosheka kupima mtoto mmoja. Ukweli uko katikati, na kwa vipimo vya afya kwa kawaida uko chini kabisa: 0.01, 0.03, 0.05. Alama za mitihani ndizo zinapanda hadi 0.1 au 0.2 na zaidi, kwa sababu mwalimu ni mmoja kwa darasa zima.

Mtu akisikia 0.05 anacheka: asilimia tano tu, ya nini kuhangaika. Hapo ndipo penye mtego. Leslie Kish, mtaalamu wa sampuli, alitupa fomyula mwaka 1965: hesabu yako ya kawaida izidishe kwa 1 + (m − 1)ρ, ambapo m ni idadi ya watoto kwa shule. Weka 50 na 0.05. Unapata 3.45. Watoto wetu 300 ukiwagawa kwa 3.45 wanabaki 87. Tutatoboa vidole 300 na kulipa posho za vidole 300, tupate habari ya watoto 87.

15 Januari

Kikao. Dokta alisoma ule ukurasa mara mbili, akavua miwani.

"Kwa hiyo watoto hawatoshi."

"Hawatoshi, Dokta."

"Basi tuongeze. Hizo shule zina watoto mia sita, mia saba. Tuchukue 200 kila shule. Tumeshafika pale, gari limeshafika, kuna ugumu gani?"

Nilijua atasema hivyo, kila mtu husema hivyo. Nikachora ubaoni. Kwa shule tatu kila upande, hata ukipima watoto wasio na mwisho, habari uliyonayo haiwezi kuvuka shule ÷ ρ. Yaani 3 ÷ 0.05. Sitini. Tunahitaji 142. Hata tukitoboa vidole vya shule nzima, tukaongeza walimu na mlinzi, tutaishia kwenye 60. Ili tu 142 ifikike, lazima shule ziwe angalau nane kila upande, na hapo ni kwa watoto wasiohesabika.

Kimya. Mratibu wa nyanjani, mama mmoja mtaratibu ambaye ndiye anayejua bei ya kila kitu, aliandika "8+8" kwenye daftari lake akapigia mstari mara mbili. Nilimwonea huruma.

Dokta aliuliza swali la haki: kwa mpango wa sasa, nguvu ni asilimia ngapi hasa? Nilimwambia asilimia 34 ukitumia kizingiti cha vitabuni, 1.96, yaani tofauti inakubaliwa ikizidi kelele yake mara 1.96. Lakini ukiwa na shule sita, ulichobaki nacho ni digrii nne za uhuru (shule sita kutoa pande mbili), na kizingiti si 1.96 tena bali 2.78. Ukiliheshimu hilo, nguvu inashuka hadi kama asilimia 23. Maana yake, uji ukiwa unafanya kazi kweli, mara tatu kati ya nne tutaandika ripoti kwamba haufanyi kazi.

"Na unga utalaumiwa," alisema mratibu.

16 Januari

Msaidizi wetu kijana amekuja na hoja: kila mtoto anapimwa mara tatu, mwanzo, katikati na mwisho. Mara 300 ni vipimo 900. Je, hilo halitusaidii?

Ni kosa lilelile limevaa shati jingine. Vipimo vitatu vya mtoto mmoja si watoto watatu. Mtoto mwenye damu nyingi Februari, kwa kiasi kikubwa atakuwa nayo Agosti. Lakini nikamwambia asiitupe hoja yake yote, kwa sababu kipimo cha mwanzo kina thamani ya pekee, nitairudia. Cha katikati ndicho ninachokitilia shaka. Kinakula theluthi ya bajeti ya nyanjani na swali letu ni la mwisho wa mwaka.

19 Januari

Leo ni uigaji. Badala ya kubishana kwa fomyula, nimeandika programu fupi kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu: tunga shule, ipe kila shule bahati yake, tunga watoto ndani yake, chambua, rudia mara 1,000. Nilianza na dunia ambamo uji hauna athari yoyote. Shule 6, watoto 50 kila moja, ρ = 0.05. Katika dunia hiyo uchambuzi wa haki unapaswa kutangaza tofauti mara 50 tu kati ya 1,000.

Kwanza, t-testi ya kawaida, jaribio la kulinganisha wastani wa pande mbili, inayowachukulia watoto 300 kama 300. Ilitangaza tofauti karibu mara 290.

Nilikuwa naijua namba hiyo kwa karatasi, lakini kuiona ikiporomoka kwenye skrini ni jambo jingine. Karibu mara tatu kati ya kumi, kitu kisichokuwepo kinaandikiwa makala. Mtakwimu Jerome Cornfield aliandika mwaka 1978 kwamba kugawa kwa makundi halafu kuchambua kama uligawa mtu mmoja mmoja ni kujidanganya. Alikuwa mpole.

Pili, nikachukua wastani wa kila shule, namba sita tu, nikazilinganisha kwa 1.96. Karibu mara 120. Bado nyingi. Tatu, namba zilezile sita kwa 2.78. Zikarudi hamsini na kitu. Huo ndio uchambuzi mwaminifu, na ndio huohuo wenye nguvu ya asilimia 23. Uaminifu una gharama yake, unalipwa kwa shule.

Nimemtumia Dokta zile namba tatu, 290, 120, 50, bila maelezo. Amejibu: "Nimeelewa. Shule ngapi?"

20 Januari

Shule ngapi. Nimekaa na lahajedwali mchana kutwa. Kwa ρ ya 0.05, nikiongeza shule moja kila upande kama walivyoshauri watafiti Hayes na Bennett mwaka 1999 kufidia uchache wa klasta:

Watoto 100 kwa shule: shule 20, watoto 2,000. Watoto 50: shule 22, watoto 1,100. Watoto 30: shule 26, watoto 780. Watoto 20: shule 30, watoto 600. Watoto 10: shule 44, watoto 440.

Tazama mistari miwili ya mwanzo. Kutoka 50 hadi 100 kwa shule unaongeza watoto 900 na unaokoa shule mbili. Mia tisa! Ndiyo maana yule anayesema "gari limeshafika, tumalize wote" anatumia pesa vibaya akidhani anabana.

21 Januari

Hesabu haiwezi kuchagua mstari bila bei, na bei ziko kwa mratibu na kwa dereva. Nimeshinda nao kwenye benchi nje ya ofisi.

Mratibu alitaja dizeli, posho za wapimaji watatu na dereva, siku ya kupeleka barua na siku ya kikao cha wazazi. Kwa upande wa mtoto: vishikizo vya kupimia damu, sindano ndogo za kutobolea kidole, pamba, spiriti, glavu, na dakika za mpimaji. Tulipogawa, kwenda shule moja kulikuwa sawa na kupima watoto 20.

Mzee dereva alisikiliza yote hayo, akasema: "Dada, hapo umehesabu shule za barabarani. Dakawa utafanya mbili kwa siku. Mgeta moja, na masika ikianza, hiyo moja ni mpaka Mungu apende."

Nimeandika: kazi ya kipimo cha mwanzo iishe kabla ya katikati ya Machi.

Kuna fomyula ya zamani ya kuchagua idadi ya watoto kwa shule: kipeuo cha pili cha bei ya shule gawa kwa bei ya mtoto, mara (1 − ρ) gawa kwa ρ. Kwetu ni kipeuo cha pili cha 20 × 19, yaani 380. Inatoka 19.5. Basi watoto 20. Sikuamini ilivyotokea vizuri hivyo, nikarudia kwa uwiano wa 15 na wa 30; ikatoka 17 na 24. Haijali sana. Nimekaa na 20.

23 Januari

Dokta amerudi na neno moja: shule 30 hazimo kwenye bajeti. Je, hakuna utafiti uliofanywa kwa makundi machache ukaheshimika?

Upo, na si wa mbali. Mwanza, miaka ya 90 mwanzoni: jamii 12 zilizopangwa jozi sita, nusu zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, watu wazima kama 1,000 wakafuatiliwa kila jamii. Matokeo yalitoka mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU kwa miaka miwili asilimia 1.2 upande mmoja, 1.9 upande wa pili. Watu zaidi ya 12,000, lakini ukiuliza vitu vinavyolinganishwa ni vingapi, ni jozi sita. Walifaulu kwa sababu mbili. Tofauti ilikuwa kubwa, upungufu wa kama asilimia 40, na jozi zilichaguliwa kwa makini, jamii zinazofanana zikawekwa pamoja kabla bahati nasibu haijapigwa. Sisi hatutarajii asilimia 40 ya kitu chochote. Ni uji.

Kwa upande mwingine kuna utafiti wa KiuFunza wa 2013 na 2014, motisha kwa walimu na ruzuku kwa shule, ambao ulichukua shule 350. Pale kilichopimwa ni kusoma na kuhesabu, ambako shule hutofautiana sana, na vikundi vilikuwa vinne. Kwa hiyo "shule ngapi" haina jibu la jumla, inategemea unapima nini.

Nimemwambia Dokta kwamba shule 30 zinaweza kupungua, lakini kwa kupanga vizuri zaidi. Anipe wiki.

27 Januari

Silaha ya kwanza: kipimo cha mwanzo.

Ukijua hemoglobini ya mtoto kabla ya uji, na ukajua wastani wa shule yake kabla ya uji, sehemu ya kelele ya mwisho wa mwaka unaijua tayari. Unaiondoa. Sampuli inapungua kwa 1 − r², ambapo r ni uwiano kati ya wastani wa shule mwanzoni na mwishoni kwa watoto walewale. Kwa vile r hatuijui, inabidi kuijenga kwa vitu viwili: shule inavyofanana na yenyewe baada ya mwaka, na mtoto anavyofanana na yeye mwenyewe.

Kwa matumaini makubwa, 0.7 kwa shule na 0.6 kwa mtoto, r inatoka 0.65 na shule zinashuka kutoka 30 hadi 18. Ningependa sana kupeleka namba hiyo. Sikuipeleka. Mwaka mmoja ni mrefu kwa damu ya mtoto: anaugua malaria, anatibiwa minyoo, anarefuka, msichana wa darasa la sita anavunja ungo. Nimeshuka hadi 0.5 na 0.4. Hapo r ni 0.45, punguzo ni asilimia 20 tu, na shule zinakuwa 12 kila upande.

Shule 24. Nimeiandika kwa penseli.

28 Januari

Siku mbaya. Nilihamishia mpango wa shule 24 kwenye uigaji, modeli mseto, inayotenga tofauti za shule na za watoto, kwa lme4, kifurushi cha R, kwanza bila kipimo cha mwanzo ili nione msingi. Kwa karatasi nguvu ilipaswa kuwa kama asilimia 70. Programu ikaniletea karibu 90.

Furaha ya nusu saa. Halafu mashaka. Nilikula chakula cha mchana nikiwa kimya, wenzangu wakadhani nina msiba.

Dawa ya namba nzuri kupita kiasi ni kuirudisha kwenye dunia isiyo na athari. Nikaondoa athari ya uji, nikapiga tena: ikatangaza tofauti mara moja kati ya sita. Kwa hiyo si nguvu, ni uongo. Nikaanza kusoma mstari kwa mstari, na nikaukuta kwenye mstari wa 7. Shule za kundi la uji mpya nilizipa namba 1 hadi 12. Shule za kundi la kulinganisha nazo nikazipa 1 hadi 12. Programu ikaona shule 12, si 24, ikadhani shule namba 3 ina watoto wa pande zote mbili za utafiti. Kwa maoni yake nilikuwa nalinganisha watoto ndani ya shule moja, na tofauti za shule na shule zikafutika kama vumbi mezani.

Nimebadilisha zikawa 1 hadi 24. Nguvu ikarudi 70. Nikaongeza kipimo cha mwanzo: 80 na nukta kidogo, kwa marudio 5,000. Kama hesabu ya karatasi.

Nimeandika kwa herufi kubwa juu ya faili: KILA SHULE NAMBA YAKE. Na kwenye fomu za nyanjani vilevile, maana kosa hili linaweza kuingia kwa kalamu ya mpimaji kama lilivyoingia kwa kibodi yangu.

2 Februari

Silaha ya pili ni mlima.

Wilaya hii ina watu wa bondeni na watu wa juu. Dakawa na Turiani ni joto, mpunga, miwa, mbu. Mgeta ni Uluguru, baridi, kabichi na njegere, shule nyingine ziko juu ya mita 1,000 kwa mbali. Na hemoglobini inapanda na mwinuko, kwa sababu hewa inapungua oksijeni na mwili unajitengenezea damu zaidi. Jedwali la WHO la mwaka 2011 lilikata 0.5 kwa anayeishi mita 1,500. Hiyo 0.5 peke yake ni kubwa kuliko athari nzima tunayoitafuta kwenye uji!

Ukitupa shule zote kwenye kapu moja, mlima na bonde vinahesabiwa kama tofauti za kawaida za shule na shule. Nimepiga hesabu: nusu mlimani, nusu bondeni, zikitofautiana kwa 0.6, ρ inatoka 0.05 hadi karibu 0.11. Kwa ρ ya 0.10 tu, tungerudi kwenye shule 44 pale tulipoanza na 30. Na bahati nasibu ingeweza kutupa shule nane za mlimani upande mmoja, tukasifu unga kwa kazi ya Uluguru.

Kwa hiyo matabaka mawili, bahati nasibu inapigwa kila tabaka peke yake, na uchambuzi unalibeba tabaka. Halina gharama ya kuzungumzia. Nashangaa kuona andiko zima halina neno "mwinuko", ilhali picha ya jalada ni ya Mgeta.

4 Februari

Mambo madogo, haraka haraka. Watoto wanahama na kuacha shule. Nimekadiria asilimia 15 hawatakuwepo mwisho wa mwaka, basi tuandikishe 24 ili wabaki 20. Shule zikibaki na idadi tofauti sana, hesabu inapanda kidogo: kwa utofauti wa 0.4 ya wastani, kizidishio cha Kish kwa watoto 20, 1 + 19 × 0.05 = 1.95, kinakuwa 2.11, kama asilimia 8. Tutaandikisha 24 kila shule bila kujali ukubwa wake, hivyo sitaraji kufika huko. Shule nzima kujitoa ni hatari zaidi kuliko mtoto kujitoa, kwa hiyo nimeongeza moja kila upande.

Nimepitisha pia kwenye GLIMMPSE, programu ya bure ya mtandaoni iliyotengenezwa na watu wa vyuo vya Colorado na Florida kwa ajili ya data za namna hii hasa, makundi na vipimo vya kurudia. Inakuuliza maswali kwa mpangilio, na hilo peke yake linamfaa asiyetaka kuandika R. Jibu lilikuwa jirani na langu.

Mwisho: shule 26. Mlimani 10, bondeni 16. Watoto 624.

9 Februari

Bajeti. Kipimo cha katikati kimefutwa. Dokta alikipenda, alitaka picha ya mwendo wa damu katikati ya mwaka, tumebishana saa nzima. Nilimwonyesha kwamba gharama yake ni karibu sawa na shule zote za nyongeza kwa ziara moja. Akakubali kwa shingo upande. Hata hivyo kazi ya nyanjani imepanda kama mara 1.8 ya ile ya mwanzo. Mratibu amependekeza tukodi gari badala ya kununua jipya, na warsha ya kufunga mradi ifanyike kwenye ukumbi wa halmashauri. Barua imekwenda kwa wafadhili. Ndani yake Dokta ameweka sentensi moja tu ya takwimu: kwa mpango wa zamani, uji unaofanya kazi ungeonekana haufanyi kazi mara tatu kati ya nne.

20 Februari

Wamekubali. Nimeweka sahihi ukurasa wa 9, ambao sasa ni kurasa mbili. Nimeandika ndani yake kila dhana kama dhana: 1.2, 0.4, 0.05, 0.5, 0.4, 15. Na pia jedwali la nini kitatokea zikikosewa. Kwa ρ ya 0.02 tutakuwa tumezidisha shule, kwa 0.10 tutakuwa pungufu, na nimeandika wazi kwamba hatutaongeza shule katikati ya safari baada ya kuchungulia matokeo.

24 Februari

Mratibu amerudi kutoka kutembelea shule zilizochaguliwa. Ziko sawa, isipokuwa namba 14 na namba 15 kwenye orodha yangu. Jina moja, A na B. Ilikuwa shule moja, wanafunzi wakazidi, ikagawanywa. Walimu wakuu wawili, rejista mbili, kengele mbili zinazopigana. Nikamwuliza jiko.

"Jiko moja, dada. Na mpishi ni yuleyule."

Kule Muleba, kwenye majaribio ya vyandarua vya PBO, kemikali inayoongeza makali ya dawa ya mbu, kwa klasta 48, watafiti waliacha ukanda wa pembeni kati ya klasta ili mbu wa huku wasiharibu vipimo vya kule. Sisi hatuna ukanda wa kuacha, ila sufuria moja. Nimeziunganisha A na B kuwa shule moja kwenye orodha, watoto 24 kutoka rejista zote mbili. Bonde sasa lina 15, namba isiyogawanyika kwa mbili, na bahati nasibu ni Ijumaa mbele ya walimu wakuu. Shule ya akiba ya kwanza iko njia ya kwenda Turiani. Mratibu ameshapiga simu; mwalimu mkuu ameuliza jambo moja tu, kama unga unakuja na sukari.